Malalamiko Kuhusu Kamera Mbili Zilizotoka Sare

Chumba cha Kupimia Macho,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu.

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Vifaa vya Kisasa.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUKOSEKANA KWA MSHINDI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umeketi, na hujashika kitu chochote cha kuvunjika. Mimi ni msomaji wa gazeti lako wa muda mrefu, mpima macho kwa taaluma, mume wa mwalimu wa udereva, na mtoto pekee wa mama ambaye kwa sasa hanisemeshi. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu, na ndilo ambalo, kwa heshima na taadhima, ninalileta mlangoni pako.

Kwa ufupi, gazeti lako limevuruga nyumba yangu. Kwa urefu, mambo yalikuwa hivi.

Mama yangu ana dada mmoja tu, ambaye mimi ninamwita mama mkubwa. Alikuwa mpishi wa hospitali hadi alipostaafu, na anaishi mbali, safari ya basi ya kulala njiani. Hao wawili, pamoja na kupendana kwao na kugombana kwao kwenye simu kila Jumapili, wana picha moja tu ya pamoja, waliyopigwa wakiwa wasichana. Katika picha hiyo mama anaonekana vizuri kabisa. Mama mkubwa anaonekana kuanzia shingoni kwenda chini, kwa kuwa mpiga picha alimwacha kichwa nje. Maisha yake yote amekuwa akiwaonyesha watu picha ile na kuwaambia, "Mimi ni huyu mwenye viatu."

Basi alipopiga simu kusema anakuja kututembelea, mimi mwenyewe, katikati ya chakula, nilisimama nikatangaza kwamba safari hii watapigwa picha. Tena si picha ya kubahatisha, bali ya kamera hasa, ile kubwa yenye lenzi ya kuchomoa na kuchomeka, wanayoiita DSLR. Mama alinishika mkono. Mke wangu aliuliza kama ninajua kuitumia. Nikamjibu kwamba ndiyo maana wametengeneza za wanaoanza.

Jumapili iliyofuata ukurasa wako ukatoka na makala yenye kichwa kikubwa cha habari: "Kamera Mbili za Wanaoanza: Ipi Uinunue?" Ndugu Mhariri, hebu litazame swali hilo tena. Si mimi niliyeuliza. Mliuliza ninyi. Mtu anayejiuliza swali kwa herufi kubwa kiasi kile, mimi nilidhani ana jibu mfukoni.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

KWANZA. Makala ilikuwa na jedwali, na jedwali lilikuwa na alama za vema. Kamera ya kushoto ilisifiwa kwa wepesi wake, kwa rangi nzuri za ngozi, na kwa maelezo yanayojitokeza kwenye kioo chake na kumwongoza mtumiaji kama mwalimu wa chekechea. Ya kulia ilisifiwa kwa betri isiyochoka, kwa kulenga haraka, kwa mshikio unaovipokea vidole, na kwa kuona penye mwanga hafifu. Nilihesabu vema za kila upande, zikalingana. Nikahesabu nikianzia chini kwenda juu, zikalingana tena. Sikuwa na wasiwasi. Nikateremka hadi kwenye hitimisho kama mtu anayeshuka ngazi akijua kuwa chini kuna sakafu.

Sakafu haikuwepo. Mwandishi wenu anayejiita Mzee wa Vifaa aliandika, na ninamnukuu neno kwa neno: "Zote mbili ni kamera nzuri sana. Nenda dukani, zishike, kisha chukua ile itakayokaa vizuri mkononi."

Mkononi! Ndugu Mhariri, mimi nina mikono miwili. Mzee wa Vifaa hakusema ni upi.

PILI. Nilitii. Hili ninataka lieleweke, kwamba mimi si mkaidi. Kesho yake nilimchukua mama tukaenda kwenye duka la vifaa vya umeme lililo kati ya benki na mahali pa kufulia nguo. Dada wa kaunta, mtu mstaarabu sana, alizitoa zote mbili kwenye kabati la kioo akazilaza juu ya kitambaa. Zote nyeusi, jambo ambalo kwa maoni yangu linaonyesha kwamba viwanda navyo havikutaka kutusaidia.

Nilibonyeza ya kwanza. Ikalia "chik", taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Nikabonyeza ya pili. Ikalia "kraak!" Mama akaruka.

"Hii ni mpole, ile ni mkali," mama akasema, akishika kifua. "Chukua mpole, twende zetu."

Tangu siku hiyo kamera hizo nyumbani kwetu zinaitwa Mpole na Mkali, na majirani wanaotusikia wanafikiri tumefuga mbwa. Nilimweleza mama, kwa upole, kwamba mlio si kigezo cha kitaalamu. Mama akaniuliza kigezo ni kipi. Nikamwambia ndilo jambo ninalolichunguza. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilipomaliza kuchunguza kwa siku hiyo alikuwa ameshafahamiana na mlinzi, ameshajua watoto wake wanasoma wapi, na amemwahidi kumtafutia mchumba mdogo wake.

Nilirudi kesho yake peke yangu, na kesho kutwa pia, na nikaendelea kurudi kila nilipofunga chumba changu cha kupimia. Mpole mkono wa kulia, Mkali mkono wa kushoto. Kisha ninabadilisha. Mkono wa kulia ulimpenda Mpole hadi ulipomshika Mkali. Nilipiga picha ya pasi iliyokuwa kwenye rafu, nikaipiga tena kwa kamera ya pili, nikazilinganisha. Sijui kama umewahi kuitazama pasi kwa makini, Ndugu Mhariri. Ni kifaa kisicho na hisia zozote. Haikunisaidia.

Wateja walianza kuniuliza maswali wakidhani ninafanya kazi pale. Alikuja kijana anayekaribia kuoa, amechanganyikiwa, akaniuliza achukue ipi. Nikamjibu papo hapo, "Mpole. Wewe unakwenda kupiga sura za watu, unataka rangi ya ngozi itulie, tena huna muda wa kujifunza." Akalipa, akanikumbatia, akaondoka. Alikuja dada mmoja anayepiga picha za mpira, nikamwambia kabla hajamaliza kusalimia, "Mkali, dada yangu. Mpira haukungoji." Naye akalipa akaondoka akiimba.

Dada wa kaunta alikuwa ananitazama. "Na wewe je, kaka?"

"Mimi bado ninaangalia," nikasema.

Jioni ile nilimsimulia mke wangu tukio hilo kama mfano wa utaalamu niliokwisha kuupata. Yeye alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, maana siku nzima alikuwa na mwanafunzi asiyejua gia ya kwanza iko wapi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanafunzi wangu akifika njia panda akasimama katikati anafikiria, unajua ninafanyaje? Ninakanyaga breki ya upande wangu, ninamwambia shuka, tubadilishane viti."

Hiyo, Ndugu Mhariri, ndiyo lugha ninayosemeshwa nyumbani kwangu mwenyewe, kwa sababu ya jedwali lako.

TATU. Mama mkubwa aliwasili. Alishuka kwenye basi na begi moja la nguo zake na jingine kubwa zaidi la zawadi, akanikumbatia, akanisukuma nyuma kidogo anitazame, akasema nimekonda. Kisha akauliza, "Kamera iko wapi?"

Nikasema iko njiani.

Ninakiri kwamba neno "njiani" lilikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Lakini mama mkubwa ni mtu wa kuamini. Asubuhi yake aliamka akavaa gauni la zambarau alilolishonesha kwa ajili ya picha hiyo, akaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, mama akaketi pembeni yake. Nikaenda nikawatazama. Mwanga ulikuwa unaingia upande, ukiwagusa mashavu vizuri kabisa. Nikatengeneza pembe nne kwa vidole vyangu, nikawachungulia ndani yake, nikasema, "Hapo hapo, msisogee, ninakwenda dukani mara moja."

Nilirudi mchana na vipeperushi vya kampuni zote mbili. Walikuwa hawajasogea. Mama mkubwa alikuwa amelala ameketi, kichwa kimeegemea pazia, na mama amemfunika miguu kwa khanga.

Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na gauni ni lile lile la zambarau, linafuliwa usiku linapigwa pasi alfajiri. Nilipotoka nje ya mlango mara nyingine tena nikisema ninakwenda kuhakikisha jambo moja tu kuhusu betri, mama mkubwa aliniita, akaniuliza bila hasira yoyote, "Mwanangu, hiyo kamera unainunua au unaijenga?"

Unaweza kuuliza, na ninajua utauliza kwa kuwa watu wa magazeti hamkosi swali, kwa nini nisitumie simu. Mke wangu naye alilitoa wazo hilo. Tena hakuishia kutoa wazo, alitoa na simu yenyewe, akaielekeza kwao. Mimi niliweka kiganja mbele yake. Nilimwambia kwamba kumpa mama mkubwa picha ya simu, baada ya miaka yote ile ya kuwa mtu wa viatu tu, ni sawa na kumletea mgeni maji ya kunawa ukamwambia ndicho chakula chenyewe. Mama mkubwa akasema yeye maji hayamsumbui. Mama akasema nyamaza, mwache mtoto, anajua anachofanya.

Anajua anachofanya. Maneno hayo, Ndugu Mhariri, ninayasikia hata sasa ninapoandika.

NNE. (Lalamiko hili linalohusu sura na tabia ya Mzee wa Vifaa nimeliondoa kwa ushauri wa mke wangu.)

TANO. Kazi yangu imeathirika. Kama umewahi kupimwa macho unajua utaratibu. Mgonjwa anakaa, anatazama herufi ukutani, mimi ninamwekea lenzi moja halafu nyingine, ninamuuliza, "Ya kwanza au ya pili? Ipi inaonekana vizuri zaidi?" Ndiyo riziki yangu. Ninauliza swali hilo siku nzima na watu wananijibu. Wakulima wananijibu, wahasibu wananijibu, watoto wa shule wasiojua kesho ni siku gani wananijibu bila kusita. "Ya pili." "Ya kwanza." "Ya pili tena." Nilianza kuwaonea wivu. Siku moja nilimuuliza bibi mmoja, mshona mashuka, amewezaje kuamua haraka hivyo. Aliondoa kidevu kwenye kifaa akaniuliza kama ni mimi ninayempima au ni yeye ananipima.

Nilipoeleza jambo hili nyumbani wakati wa chakula, mke wangu aliweka kijiko chini.

"Hebu niambie. Mgonjwa akikwambia ya kwanza na ya pili zote sawa, unafanyaje?"

"Basi hapo tumefika," nikasema. "Akisema zote sawa maana yake nguvu ya lenzi ndiyo hiyo. Ninaandika miwani."

"Basi andika," akasema, akaendelea kula.

Mama mkubwa alicheka hadi akapaliwa, ikabidi apigwe mgongo. Mama naye akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Macho ni macho na kamera ni kamera, na mtu haendi dukani kununua macho. Nilitaka kuwaeleza tofauti hiyo lakini kila nilipofungua mdomo mmoja wao alisema "basi andika" wakaanza upya.

SITA. Hili ndilo zito, na ninaomba ulisome polepole.

Siku ya mama mkubwa kuondoka ilifika. Basi lake lilikuwa la asubuhi. Nilishauriana na nafsi yangu tangu kunyoa hadi kuvaa viatu, nikaamua kwamba leo ninanunua, iwe Mpole, iwe Mkali, potelea mbali. Nikamwambia mke wangu awatangulize kituoni kwa gari la shule ya udereva, mimi nipitie dukani nitawakuta na kamera mkononi. Mama mkubwa alikuwa ndani ya gauni la zambarau. Alikuwa amepaka wanja. Alinipungia mkono kwenye dirisha la gari, juu ya maandishi yanayosema "Mwanafunzi".

Dada wa kaunta alikuwa anafungua duka nilipofika. Zote mbili zikawekwa mezani. Nikamwomba atie kila moja ndani ya mfuko wa karatasi, aichanganye mifuko nyuma ya mgongo wake, nami nifumbe macho nichague. Tulifanya hivyo. Mlinzi alikuwa shahidi. Nilinyoosha mkono, nikagusa mfuko wa kushoto, nikasema, "Huu."

Ndugu Mhariri, nilipolisema neno hilo tu, nilijua kwa hakika ambayo sijawahi kuwa nayo maishani kwamba kamera sahihi ilikuwa kwenye mfuko wa kulia. Sikujua ni ipi iliyokuwa humo. Lakini ilikuwa humo. Nikaomba turudie. Tukarudia, nikashika mfuko wa kulia, na hakika ile ile ikahamia kushoto. Tulikuwa tukirudia tena pale mlinzi, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa, aliponiambia, "Mzee, si ulisema kuna basi?"

Nilikimbia. Mimi si mtu wa kukimbia, na suruali yangu ya kazini haikukatwa kwa shughuli hiyo. Nilifika kituoni nikakuta mahali pa basi pana mafuta yaliyodondoka na maganda ya machungwa. Mke wangu alikuwa ameegemea gari lake. Mama alikuwa amesimama wima, mkoba ameushika kwa mikono miwili, anatazama barabara.

Njia nzima mama hakusema neno. Mimi nilizungumza. Nilieleza yote, mifuko, mkono, hakika ilivyohama, na kwa kuwa hakuna aliyenikatiza niliingia pia kwenye suala la lenzi. Tulipofika nyumbani mama alishuka, akasimama kidogo mlangoni, akasema, "Alikuwa amepaka wanja." Akaingia chumbani kwake.

Tangu hapo salamu ananiitikia. Chakula ananipakulia. Lakini ananipakulia kama mtu wa hotelini.

Nimekaa nimetafakari. Nimejiuliza kosa lilianzia wapi. Nimefuata mlolongo wa mambo kuanzia kituo cha basi kurudi dukani, kutoka dukani kurudi mezani, na kila njia imenirudisha kwenye ukurasa wako, mstari wa mwisho, upande wa kulia, chini ya tangazo la magodoro. Kama Mzee wa Vifaa angeandika "chukua Mpole", ningechukua Mpole. Angeandika "chukua Mkali", vilevile. Angeandika zote mbili ni takataka, ningenunua redio, lakini angalau tungejua moja. Yeye alitoa sare. Mpira wa fainali, Ndugu Mhariri, hauishi sare. Mnapiga penalti hadi mtu alie.

Kwa hiyo ninaomba, na ninaamini maombi haya ni ya wastani:

Kwanza, gazeti lako litangaze mshindi katika toleo la Jumapili ijayo, ukurasa wa mbele, kwa herufi zile zile zilizotumika kuuliza swali.

Pili, kiwanda kitakachoshindwa kiandikiwe barua na ofisi yako, kikiombwa kiache mara moja kutengeneza kamera yake. Sina ugomvi na kiwanda. Lakini madhali zote mbili zipo, mtu wa tatu atakuja kufikwa na yaliyonifika.

Tatu, kuanzia sasa mlinganishe vitu visivyofanana. Linganisheni kamera na ndoo. Linganisheni baiskeli na friji. Msomaji ataelewa papo hapo kipi kinamfaa na atakwenda zake kwa amani.

Nne, mama mkubwa aandikiwe barua na wewe mwenyewe, kwa mkono wako, yenye mhuri, kwamba mtoto wa mdogo wake hana hatia, kwamba alifanya utafiti wa kutosha, na kwamba kosa ni la jedwali. Nakala apewe mama. Ya mama iwe na mhuri mkubwa zaidi.

Tano, ikiwa hayo yote yatashindikana, gazeti lako ligharimie safari ya mama mkubwa kurudi huku, akiwa na gauni lile lile, mwanga uwe wa asubuhi unaoingia upande, na Mzee wa Vifaa asimame mwenyewe sebuleni kwetu na kamera atakayoichagua yeye, mbele yetu sote, kwa mkono wake mmoja.

Ninangoja majibu yako kwa subira ambayo hapa nyumbani imeshazoeleka. Nisalimie wachapaji, wasahihishaji, wasambazaji wanaolileta gazeti mapema bila kukosa, na yule anayechora katuni, ambaye sina tatizo naye. Mke wangu anakusalimu na anasema pole. Hakufafanua.

Wako katika kutafuta uamuzi,

Mpima Macho, juu ya duka la viatu.

NYONGEZA: Ndugu Mhariri, nilikuwa nimeshaibandika bahasha gundi, imenibidi niichane.

Mama ametoka chumbani sasa hivi akaweka picha juu ya meza, mbele yangu. Kumbe asubuhi ile, mimi nikiwa na mifuko, mke wangu alitazama saa, akawashika wote wawili mikono akawaingiza kwenye kile kibanda kilicho pembeni ya dirisha la tiketi, wanapopiga picha za vitambulisho. Mashine ya kuchapia ilikuwa imekwama, wakaambiwa picha itafuatwa siku nyingine. Mke wangu ameipitia leo akitoka kazini. Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia siku zote hizi. Akasema nilikuwa ninaeleza habari za lenzi.

Kwa vigezo vya Mzee wa Vifaa ni picha mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona. Lengo limeangukia kwenye pazia la nyuma, mikunjo yake unaweza kuihesabu. Taa imewapiga usoni. Kiti kilikuwa cha mtu mmoja, kwa hiyo wamebanana, kila mmoja ameketi nusu. Mama amefumba macho. Mama mkubwa alikuwa katikati ya sentensi, mdomo wazi, bila shaka anamwambia mpiga picha namna ya kufanya kazi yake.

Na mikono yao, Ndugu Mhariri. Kila mmoja ameweka wake gotini, na kila mmoja amekunja ngumi akaficha kidole gumba ndani. Wote wawili, sawasawa, kama watoto. Mimi hutazama watu kwa karibu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, ndiyo kazi yangu, na mikono hiyo imenilea. Sikuwahi kuliona hilo. Nimeitazama picha mpaka chai imepoa. Nilipoinua kichwa nilitambua kwamba halijanijia hata kidogo wazo la kuuliza ilipigwa kwa kamera gani.

Mama akasema, "Umeona?" Nikasema nimeona. Akanimiminia chai nyingine.

Kwa hiyo ninaomba uyahesabu malalamiko yote hapo juu kuwa hayakuandikwa, pamoja na lile nililoliondoa. Viwanda viendelee na kazi. Mzee wa Vifaa naye aendelee, mwambie nimemsamehe, na kwamba kama anataka kujua alichokosa kwenye jedwali lake aje siku moja tunywe chai.

Ningeandika zaidi lakini nililazimika kuharakisha, tulikuwa tunatoka kwenda kuitilia picha fremu. Sasa tumesharudi. Fundi alituwekea fremu mbili juu ya meza, moja ya mbao na moja ya bati, akaniuliza ninachukua ipi. Mke wangu alijibu kabla sijafungua mdomo.